Ngoma Haihifadhiwi Kabatini

Kila anapofariki mzee aliyekuwa bingwa wa ngoma au wa chombo fulani cha muziki, hakosi kutokea msemaji wa kuwatuliza watu. Husema kwamba hapana haja ya kuhofu, kwani nyimbo za marehemu zimekwisha kurekodiwa na kuandikwa, na sasa zimo katika maktaba. Wasikilizaji hutikisa vichwa kwa kukubali, kisha wakaenda zao. Mimi nasema maneno hayo yanatupumbaza. Ngoma iliyomo kabatini imehifadhiwa kama samaki mkavu anavyohifadhiwa: yupo, tena analika, lakini haogelei.

Ushahidi wangu leo nitautoa mbali, katika nchi za Ayalandi na Uskoti na kwa watu wao waliohamia ng'ambo. Huko njia zote mbili zimejaribiwa, ya kabati na ya mwalimu, na miaka ya kutosha imepita kuona ni ipi iliyozaa. Muziki wa watu hao huuzwa madukani kwa jina la muziki wa Kikelti. (Jina hilo ni la wenye maduka zaidi kuliko la wapigaji. Mwulize mzee wa wilaya ya Clare au ya Donegal, atakuambia kwamba yeye hupiga muziki wa kwao, na huenda asikubali kwamba hata jirani zake wanaupiga sawasawa.) Mimi niliufahamu nikiwa mwanafunzi, kwa sababu ya padri mmoja Mwayalandi aliyetufundisha hesabu, ambaye jioni alikuwa akikaa barazani na kupuliza filimbi ya bati. Baadhi ya wenzangu walimcheka, lakini hata hao miguu yao ilikuwa ikigonga sakafu pasipo ruhusa yao.

Tuanze na kinubi. Kwa karne nyingi wapigaji wa kinubi wa Ayalandi walikuwa watu wa heshima kubwa katika nyumba za wakuu wa Kigaeli. Kinubi chao kilikuwa na nyuzi za madini, na mpigaji alizigusa kwa kucha alizozifuga kwa kazi hiyo. Wakuu walipoangushwa na utawala wa Kiingereza, wapigaji nao wakabaki watu wa kutembea nyumba hata nyumba, aghalabu vipofu, wakiomba hifadhi ya usiku. Mwezi wa Julai 1792 raia kadhaa wa mji wa Belfast wakaitisha mkutano wa wapigaji waliosalia. Waayalandi waliofika walikuwa 10 tu. Mmoja wao, Denis Hempson, alikuwa amepita umri wa miaka 90, na ndiye peke yake aliyekuwa bado akipiga kwa kucha kwa namna ya kale.

Waandalizi wa mkutano walikuwa watu wenye nia njema. Walimwajiri kijana wa miaka 19, Edward Bunting, mpigaji wa ogani kanisani, akae karibu na wazee na kuandika kila alichokisikia. Kijana huyo hakuiacha kazi hiyo maisha yake yote. Alichapisha vitabu vitatu vya nyimbo hizo, cha mwisho mwaka 1840, na kila mtu anayependa muziki wa Ayalandi ana deni kwake. Lakini angalia alivyozichapisha. Alizitengeneza ziweze kupigwa kwa piano, chombo cha sebuleni kwa matajiri, maana hao ndio walionunua vitabu. Mkono wa Hempson haukuingia kitabuni, wala jinsi alivyozima uzi mmoja ili mwingine uendelee kulia, wala pumzi yake kati ya sauti na sauti.

Yafaa niseme kwamba watu wa Belfast walijaribu pia kufundisha. Mara mbili walifungua shule ya kinubi kwa ajili ya watoto vipofu, na mara zote mbili ikafungwa, ile ya pili mwaka 1839. Mshahara wa mwalimu na chakula cha wanafunzi vilihitaji fedha kila mwezi, na wafadhili huchoka na jambo la kila mwezi upesi kuliko wanavyochoka na sherehe. Matokeo yake twayaona leo. Ni kweli kwamba upigaji wa kinubi wa Ayalandi uliandikwa na UNESCO mwaka 2019 katika orodha ya urithi wa wanadamu, na ni kweli kwamba wapigaji ni wengi. Lakini wengi wao hutumia kinubi cha namna nyingine, chenye nyuzi laini zinazopigwa kwa ncha za vidole. Wale wachache wanaotaka kurudisha upigaji wa kucha hulazimika kuinamia karatasi za Bunting na kukisia mkono ulipita wapi. Kabati lilitunza nyimbo, na mpigaji akapotea.

Sasa tazama chombo cha pili, zumari la mfuko la Kiayalandi. Si lile la Uskoti ambalo wengi wetu tumeliona katika gwaride, likipulizwa kwa mdomo. Hili mpigaji hulipiga akiwa ameketi, na upepo huutoa katika mvukuto mdogo kama wa mhunzi, uliofungwa chini ya kiwiko cha mkono. Na hata jina lake la Kigaeli, uilleann, latokana na neno la kiwiko. Ni chombo chenye ubishi. Sauti yake hutoka katika vijiti viwili vyembamba vya tete vilivyofungwa pamoja, ambavyo hununa hewa ikikauka na hununa tena ikiwa na unyevu. Waayalandi husema kwamba mtu huhitaji miaka 7 ya kujifunza, 7 ya mazoezi na 7 ya kupiga kabla hajaitwa mpigaji.

Kufikia mwaka 1968 wapigaji wa zumari hili hawakufika 100. Wengine wangekimbilia kinasa sauti na kuishia hapo. Wao waliunda chama, Na Píobairí Uilleann, yaani wapigaji wa zumari la kiwiko, wakaanza kufundishana. Na hawakufundisha nyimbo peke yake. Walifundisha kuchonga vile vijiti vya tete, na kutengeneza zumari lenyewe, kwa kuwa walielewa kwamba kijana asiye na chombo kinacholia vizuri atakata tamaa mwezi wa pili. Hivi leo wapigaji ni maelfu, nao wametapakaa hata Marekani, Ulaya na Japani. UNESCO iliuandika upigaji huo mwaka 2017, jambo jema, ila muhuri ulifuata kazi iliyokwisha kufanyika kwa karibu miaka 50.

Tena chama hicho kilipata pa kuanzia kwa sababu alikuwako mtu mmoja ambaye hakuacha kufundisha katika miaka ya ukame. Huyo ni Leo Rowsome wa Dublin, mtengenezaji wa mazumari na mwalimu katika shule ya muziki ya jiji hilo kwa takriban miaka 50, hadi kufa kwake mwaka 1970. Paddy Moloney aliyeunda kundi la Chieftains mwaka 1962, na likazunguka dunia nzima, alifundishwa na Rowsome. Liam O'Flynn wa kundi la Planxty, kadhalika. Toa darasa hilo moja, kisha uniambie ni muziki gani tungaliusikia.

Mjini Miltown Malbay, katika wilaya ya Clare, palikuwa na seremala aliyeitwa Willie Clancy, mpigaji wa zumari hili hili. Ujanani alimfuata Johnny Doran, mpigaji wa kabila la wasafiri waliokuwa wakiishi katika magari ya farasi, akamsikiliza barabarani na sokoni. Clancy alifariki Januari 1973, akiwa na miaka 54. Rafiki zake wangeweza kumjengea sanamu. Badala yake Julai ya mwaka ule ule wakafungua shule ya wiki moja kwa jina lake, na mpaka hivi leo hufunguliwa kila Julai.

Nilipata kufika huko. Mji ni mdogo, barabara yake kuu waimaliza kwa dakika chache. Asubuhi huoni ila watoto na wazee wamebeba visanduku vya fidla, wakitafuta nyumba ya darasa lao, maana shule rasmi hazitoshi na masomo huendeshwa hata katika majumba ya watu. Nilikaa nyuma ya darasa moja la fidla. Mwalimu hakugawa karatasi. Alipiga kipande kifupi, wanafunzi wakakirudia. Akapiga tena, wakarudia tena. Hadi wimbo mzima ukawa umeingia mikononi mwao pasipo kupita machoni. Msichana mmoja wa miaka kama 9 alikuwa amekaa kando ya mzee mwenye mvi aliyekuja kuanza baada ya kustaafu, na mtoto ndiye aliyemsahihisha mzee. Usiku wanafunzi hao hao huketi katika baa na jikoni pamoja na walimu wao. Hakuna jukwaa. Wapigaji hutazamana wenyewe kwa wenyewe, na wasikilizaji wakakaa wanapopata nafasi. Hapo ndipo mtoto ajuapo wakati wa kuingia na wakati wa kunyamaza, somo ambalo sijaona kitabu kikilifundisha.

Ndugu msomaji atauliza: je, jukwaa halina faida? Inayo, na kubwa. Tarehe 30 Aprili 1994, jijini Dublin, mashindano ya nyimbo ya Eurovision yalipokuwa yakingoja hesabu ya kura, watazamaji wa Ulaya nzima waliburudishwa kwa dakika 7 za dansi ya Kiayalandi iliyoitwa Riverdance. Mwaka uliofuata ikawa tamasha kamili, na likaizunguka dunia. Watoto walimiminika katika madarasa ya dansi. Hilo silibishi. Nabisha pale mtu anapoyaona maua akadhani ndiyo mzizi. Wachezaji wawili wakuu wa usiku ule, Michael Flatley na Jean Butler, wote walizaliwa Marekani. Flatley alijifunza katika shule ya dansi ya Waayalandi wa Chicago, na Butler alifundishwa New York na Donny Golden. Nyuma ya zile dakika 7 palikuwa na miaka na miaka ya kumbi za wahamiaji, Jumamosi baada ya Jumamosi, mzazi akingoja nje na mwalimu akihesabu hatua.

Lakini hata kufundisha kwaweza kuharibu, nami sitaki nionekane kama mtu anayedhani kila darasa ni baraka. Dansi ya hatua ya Kiayalandi imetawaliwa kwa muda mrefu na mashindano. Mtoto hufundishwa kumridhisha mwamuzi: mikono ibanwe ubavuni, mguu uruke juu, nguo ing'ae, nywele za bandia ziviringwe. Wazazi hutumia fedha nyingi mno kwa mavazi. Mnamo 2022 yalizuka hata madai kwamba matokeo ya baadhi ya mashindano yalipangwa, na jaji mstaafu akaombwa ayachunguze. Kombe likishakuwa ndilo lengo, mambo kama hayo hayashangazi. Linaloniuma zaidi ni kwamba mwamuzi mmoja huzaa mtindo mmoja. Jambo kama hilo liliupata muziki wenyewe katika miaka ya 1920, santuri za Michael Coleman, mpigaji fidla wa wilaya ya Sligo aliyehamia New York, ziliporudi nyumbani. Coleman alikuwa fundi wa ajabu. Vijana wa wilaya nyingine wakamwiga, na mitindo ya wazee wao ikaanza kuonekana ya kishamba. Shule nzuri, kwa maoni yangu, ni ile inayomwambia mtoto wa Donegal apige Kidonegal.

Pia kuna wale walinzi wa mila wanaojitwalia kazi ya kuamua lipi ni la asili na lipi ni la kigeni. Chama cha lugha ya Kigaeli kilichoundwa mwaka 1893 kilifanya mengi mema kwa utamaduni wa Ayalandi, lakini kilizikataa dansi za watu wanane zilizopendwa sana mashambani, kwa hoja kwamba asili yake ni Ufaransa. Ni kweli, zilitoka Ufaransa. Lakini wakulima wa Clare walikuwa wamezicheza vizazi kadhaa jikoni mwao, wakazitilia miguu yao wenyewe, na aliyezaliwa humo hakujua nyingine. Kisha mwaka 1935 serikali ikapitisha sheria kwamba dansi ya hadhara sharti iwe na kibali cha mahakama. Mapadri na polisi wakaitumia sheria hiyo kukomesha hata dansi za majumbani na za njia panda. Wanamuziki wengi walikosa pa kupigia. Dansi hizo za watu wanane hazikufa kabisa kwa sababu wazee wachache waliendelea kuzicheza, na katika miaka ya 1980 zikarudi kwa nguvu, zikifundishwa katika madarasa kama yale ya Miltown Malbay.

Jambo hili si geni kwetu. Mwomboko wa Wagikuyu ulizaliwa wakati wa ukoloni kwa akodioni ya Mzungu na hatua zilizofanana na dansi za Wazungu, ikaongezwa karing'aring'a, ile pete ya chuma, na leo ni nani atakayemwambia bibi wa Nyeri kwamba huo si wake?

Waskoti nao wana la kutufunza. Mwaka 1981, katika kisiwa cha Barra, wazazi pamoja na padri waliona kwamba watoto wao walikuwa wakikua bila ya kufundishwa shuleni muziki wa kisiwa chao wala nyimbo za Kigaeli. Wakaandaa masomo yao wenyewe, wakayaita fèis. Visiwa na vijiji vingine vikaiga, na sasa masomo ya namna hiyo hufanyika katika sehemu zaidi ya 40. Hayakuanzishwa na wizara, wala hayakungoja mtaalamu kutoka mji mkuu. Mwalimu alikuwa jirani.

Ng'ambo ya bahari ya Atlantiki, kisiwa cha Cape Breton nchini Kanada kilipokea Waskoti wengi waliohama mwishoni mwa karne ya 18 na katika nusu ya kwanza ya karne ya 19. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 filamu moja ya televisheni ilidai kwamba mpigaji fidla wa Cape Breton anatoweka. Watu walikasirika. Julai 1973 wakafanya tamasha katika kijiji cha Glendale, wakapandisha jukwaani wapigaji zaidi ya 100 kwa pamoja, kama kumjibu mtengenezaji wa filamu. Jibu zuri, lakini lingeishia hapo lingekuwa majigambo ya siku moja. Kilichofuata ndicho kilichookoa: madarasa ya watoto. Mwalimu Stan Chapman alifundisha kundi la watoto ambamo alitokea Natalie MacMaster, na Ashley MacIsaac pia, majina yanayojulikana leo na kila mpenzi wa fidla. Natalie alikuwa na ami pia, Buddy MacMaster, aliyefanya kazi katika kituo cha reli na kupiga fidla katika dansi za vijijini tangu ujana wake mpaka uzee.

Huko Uskoti kwenyewe, dansi ya hatua iliyochezwa karibu na sakafu, mguu ukigonga mapigo ya fidla, ilikuwa imekwisha kusahaulika. Waliobaki nayo ni wajukuu wa wahamiaji wa Cape Breton. Basi katika miaka ya 1990 walimu kutoka kisiwa hicho, Buddy MacMaster akiwa miongoni mwao, wakaalikwa katika chuo cha Kigaeli kilichoko kisiwa cha Skye, wakawafundisha Waskoti hatua na mapigo ambayo mababu wa hao wahamiaji walikuwa wameyachukua melini. Sijui kama kuna kitabu, hata kiwe kizuri namna gani, kingeliweza kazi hiyo.

Nami nina sababu ya kuyasema haya katika ukurasa wa gazeti la hapa. Mwaka 2014 UNESCO iliiandika ngoma ya Isukuti ya Waisukha na Waidakho wa magharibi mwa Kenya katika orodha nyingine, ile ya urithi unaohitaji kuokolewa kwa haraka. Wanaoijua vizuri ni watu wazima, na vijana wanaoichukua hawatoshi. Twaipenda Isukuti katika mapokezi ya wageni wa serikali na katika kampeni, dakika 5 kabla ya hotuba, na mpigaji hulipwa kwa dakika hizo 5. Mimi ningependa kuona fedha hizo zikigawanywa. Nusu ibaki kwa siku ya sherehe, kwa kuwa mpigaji naye hula. Nusu nyingine apewe yule yule mzee kwa mwezi mzima, apewe na chumba cha shule ya msingi kila Jumamosi, na mbao na ngozi za kutengenezea ngoma ndogo za watoto. Seremala wa kuzichonga wapo Kakamega na ng'ombe hawajaisha.